Ofisi Inayobadilika: Namna ya Kupanga Majengo ya Halmashauri kwa Kazi za Leo

Mkazi wa Bwisya, katika Kisiwa cha Ukara, anapohitaji huduma ya makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, hupanda kivuko hadi Bugolora, kisha hufuata barabara hadi Nansio. Mkazi wa Kisiwa cha Kome naye huvuka maji hadi Nyakarilo kabla ya kuelekea Nyehunge, makao makuu ya Halmashauri ya Buchosa. Kwa wasafiri wa namna hii, saa moja ya kuzungushwa kutoka mlango hadi mlango si jambo dogo. Kivuko kikishaondoka, shughuli ya siku moja hugeuka kuwa ya siku mbili, na juu ya nauli huongezeka gharama ya malazi na chakula.

Mara nyingi ucheleweshaji wa aina hiyo huhusishwa na uzembe wa mtumishi au uchache wa wataalamu. Ipo sababu nyingine isiyotazamwa sana, nayo ni mpangilio wa jengo lenyewe. Mahali ilipo meza ya mapokezi, umbali kati ya masjala na mhasibu, kukosekana kwa chumba cha mazungumzo ya siri, na kuwapo kwa meza zisizo na watu huku wengine wakibanana, yote hayo huamua kasi na heshima ya huduma. Makala haya yanaeleza namna ofisi ya umma inavyoweza kupangwa ili ibadilike kadiri kazi inavyobadilika, bila kuvunja kuta kila mwaka na bila kumpotezea mwananchi muda wala faragha yake.

Majengo yaliyorithiwa na kazi mpya

Ofisi nyingi za serikali katika ukanda wa ziwa zilirithi umbo la boma la kikoloni: baraza ndefu yenye kivuli, na nyuma yake safu ya vyumba vidogo, kila chumba na mlango wake. Umbo hilo lilifaa kwa kazi ya wakati ule. Kila ofisa alikuwa na majalada yake, kabati lake na karani wake, na karatasi ndiyo iliyosafiri kutoka chumba hadi chumba.

Kazi ya leo ni tofauti. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mwananchi anaweza kuilipia kwa simu akiwa mwaloni. Leseni za biashara na mapato mengine ya halmashauri hushughulikiwa kupitia mfumo wa TAUSI, na zabuni hutangazwa katika mfumo wa NeST. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, taasisi za umma zimekuwa zikihimizwa kuacha karatasi pale inapowezekana. Taarifa iliyokuwa ikikaa ndani ya kabati moja sasa huonekana katika kompyuta mpakato popote penye mtandao.

Mipaka ya utawala nayo hubadilika. Mwaka 2012 Jiji la Mwanza liligawanywa, ikaanzishwa Manispaa ya Ilemela. Buchosa ilimegwa kutoka Sengerema. Kila halmashauri inapogawanywa, au idara zinapounganishwa na vitengo vipya kuundwa, watumishi huhama, hupungua au huongezeka, lakini kuta hubaki pale pale. Jengo lililochorwa kwa muundo mmoja tu huanza kuzeeka siku muundo huo unapobadilishwa.

Maana ya ofisi inayobadilika

Ofisi inayobadilika ni ile ambayo chumba kimoja kinaweza kutumika kwa kazi zaidi ya moja, na mabadiliko hayo kufanywa na watumishi wenyewe kwa muda mfupi na gharama ndogo. Ukumbi unaotumiwa na Baraza la Madiwani katika mikutano yake ya robo mwaka unaweza, katika siku nyingine, kuwa darasa la mafunzo ya vikundi vya mikopo, au mahali pa kupokea maombi mengi ya msimu.

Watu wengi huchanganya wazo hili na ofisi ya wazi, yaani ukumbi mmoja mkubwa usio na kuta. Historia inaonyesha kwamba mambo haya mawili hayafanani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu wawili wa Ujerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walianza kupanga ofisi kwa kufuata njia ya mawasiliano kati ya watu badala ya vyeo vyao. Mwaka 1968, nchini Marekani, kampuni ya Herman Miller ilitoa samani zilizobuniwa na Robert Propst, zenye viambaza vyepesi vinavyohamishika, ili kila mfanyakazi aweze kubadili sehemu yake ya kazi kwa mahitaji yake. Waajiri wengi walichukua viambaza hivyo wakavitumia kuwabana watu katika vijumba vidogo vinavyofanana. Kifaa kilichobuniwa kuleta wepesi kikawa njia ya kubana nafasi.

Kuondoa kuta zote nako kumekuwa na hasara zake. Utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia kampuni zilizohamia ofisi za wazi. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na ujumbe wa barua pepe ukaongezeka. Watu waliokosa mahali pa kujisitiri walinyamaza.

Fundisho lake kwa halmashauri ni kwamba kabla ya kununua samani au kubomoa ukuta, inapasa kuamuliwa mambo gani yawe ya kudumu na mambo gani yaweze kuhamishwa. Vyoo, mabomba, ngazi, njia za dharura, mwanga wa asili na vyumba vya siri ni vya kudumu. Meza, makabati, viambaza vyepesi, mabango ya maelekezo na mgawanyo wa idara ni vya kuhamishwa.

Kuhesabu kwanza

Hatua ya mwanzo haihitaji fedha, ila daftari na wiki mbili za uangalifu. Mtumishi mmoja hupita katika kila chumba saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, na kuandika idadi ya meza zenye watu, meza zisizo na watu, na wananchi wanaosubiri. Katika halmashauri za ziwani, hesabu hii ina maana kubwa, kwa sababu maafisa ugani, maafisa uvuvi, wapima ardhi, wakaguzi wa ndani na maafisa afya hutumia siku nyingi mashambani, mialoni na vijijini.

Uchukuliwe mfano wa sehemu yenye watumishi 20, kila mmoja na meza yake. Ikiwa katika wiki mbili haikutokea hata mara moja watumishi zaidi ya 12 wakawa ofisini kwa wakati mmoja, basi meza 14 zinatosha, mbili zikiwa za akiba. Meza moja pamoja na nafasi ya kiti na njia yake huchukua takriban mita 5 za mraba. Kuondoa meza sita hutoa mita 30 za mraba, eneo linalotosha vyumba viwili vya mazungumzo ya siri vya mita 9 za mraba kila kimoja, na chumba kidogo cha mikutano cha mita 12. Hakuna tofali jipya lililofyatuliwa, lakini huduma tatu mpya zimepata mahali.

Hesabu ya pili hufuata nyayo za mwananchi. Huchaguliwa huduma inayoombwa sana, kwa mfano kibali cha ujenzi, kisha huandikwa milango yote anayopita mwombaji, mara ngapi anarudi mlango ule ule, na anasubiri wapi. Penye milango mingi ndipo pa kuanzia mabadiliko.

Maeneo matatu ndani ya jengo moja

Mpangilio unaofaa ofisi nyingi za halmashauri una maeneo matatu, yanayopangwa kutoka mlangoni kuelekea ndani.

Eneo la kwanza ni ukumbi wa huduma, karibu na mlango mkuu. Hapa kaunta hufanana kwa kimo, nyaya na samani, ili kaunta iliyotumika asubuhi kwa leseni iweze kutumika mchana kwa masuala ya ardhi ikiwa foleni imehamia huko. Nchini Kenya, vituo vya Huduma vilivyoanzishwa mwaka 2013, na ambavyo Kisumu, ng’ambo ya ziwa, inacho kimojawapo, vimekusanya huduma za taasisi nyingi katika ukumbi mmoja. Shirika la Posta Tanzania nalo limeanzisha vituo vya Huduma Pamoja ndani ya majengo yake. Katika mpango wa namna hii, karatasi na taarifa ndizo zinazotembea, na mwananchi hubaki ameketi.

Eneo la pili ni la kazi za ndani. Hapa ndipo meza za kushirikiana huwekwa, pamoja na meza ndefu ya kazi za pamoja na kona tulivu ya kazi zinazohitaji umakini, kama vile kuandaa bajeti au kufunga hesabu. Masjala na mhasibu hukaa kwenye mpaka wa eneo hili na ukumbi wa huduma, kwa kuwa hutumiwa na pande zote mbili.

Eneo la tatu ni la vyumba vya faragha, na hili halipaswi kutolewa kafara kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Mama anayedai matunzo ya mtoto, mtoto aliyefanyiwa ukatili, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, mtumishi mwenye shauri la nidhamu, au mwananchi anayetoa taarifa za rushwa, wote huhitaji mlango unaofungwa. Mtu anayelazimika kueleza tatizo lake mbele ya foleni huweza kulificha, akaondoka kama alivyokuja. Katika suala la ukatili, kimya hicho kinaweza kugharimu maisha. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kulinda taarifa za watu, na taarifa inayosikika hadi kwenye benchi la kusubiria haijalindwa.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kujenga chumba cha siri kwa kiambaza kisichofika kwenye paa. Juu ya dari sauti hupita bila kizuizi. Ukuta wa chumba hicho unapaswa kupanda hadi chini ya paa, na mlango uwe mzito, usioacha mwanya chini. Namna ya kuupima ni rahisi: mtu mmoja asome kwa sauti ya kawaida akiwa ndani, mwingine asimame nje. Maneno yakisikika, kazi haijakwisha.

Upepo wa ziwa, jua na mvua

Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Joto lake si kali kama la pwani, hivyo jengo lililopangwa vizuri linaweza kupoozwa kwa upepo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mwelekeo hugeuka. Madirisha yanayotazamana pande mbili za chumba huuruhusu upepo huo kupita. Viambaza vya ndani vinapaswa kuachwa vifupi katika eneo la kazi, au kuwekwa sambamba na njia ya upepo, kwa maana kiambaza kirefu kinachokata chumba katikati hugeuza nusu ya pili kuwa tanuri.

Jua la ikweta hupiga zaidi kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo meza za kudumu za kazi ya kompyuta huwekwa upande wa kaskazini na kusini, na upande wa magharibi huachiwa masjala, stoo na ngazi. Skrini haipaswi kutazamana na dirisha wala kuwa na dirisha nyuma ya kichwa cha mtumishi. Mwanga utoke ubavuni.

Mvua za vuli na masika huja na upepo wa kusukuma, na baraza pana ndiyo kinga ya kwanza. Baraza hiyo hiyo ni nafasi inayobadilika kuliko zote: ni mahali pa kusubiri, pa kujaza fomu, pa mkutano mfupi wa kikundi. Si bure kwamba Kiswahili hutumia neno moja, baraza, kwa mahali pa kuketi nje ya nyumba na kwa mkutano wa kuamua mambo ya watu.

Wako pia wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi na kuifuata taa jioni. Ofisi iliyo karibu na ufuko isiyokuwa na wavu madirishani italazimika kufunga madirisha, na hapo faida ya upepo hupotea. Wavu unaoweza kuvuliwa na kuoshwa ni bora kuliko uliopigiliwa misumari.

Umeme, mtandao na radi

Meza haiwezi kuhamishwa ikiwa soketi ni moja tu katika chumba. Inafaa soketi za umeme na za mtandao ziwekwe ukutani kila baada ya mita mbili au tatu, nyaya zikipita ndani ya mifereji ya plastiki inayofunguka. Katika mji uliojengwa juu ya miamba ya mawe, kuchimba sakafu ya chini ili kupitisha nyaya ni kazi ngumu na ghali, na mfereji wa ukutani hurahisisha marekebisho ya baadaye. Nyaya za kuunganishia zilizotandazwa sakafuni si suluhisho, kwani huangusha watu na huweza kuwasha moto.

Ukanda wa Ziwa Victoria hupata ngurumo na radi nyingi. Jengo linalotegemea mifumo ya kompyuta linahitaji kinga ya radi juu ya paa, waya wa ardhi uliopimwa na fundi mwenye leseni, na vifaa vya kudhibiti mshituko wa umeme. Betri za akiba za mtambo wa mtandao na za kaunta chache za ukumbi wa huduma ni muhimu kuliko za ofisi nzima. Umeme ukikatika, huduma ya mwananchi aliyekwisha kufika iendelee kwanza.

Samani za mafundi wa hapa

Wepesi wa kubadilika hautokani na samani ghali za kuagizwa. Meza nyepesi zenye kimo cha sentimita 72 hadi 75 na upana unaofanana, zinazoweza kuunganishwa kuwa meza ya mkutano, hutengenezwa na fundi seremala yeyote mzuri. Misonobari hupandwa katika mashamba ya serikali ya Rubya, Ukerewe, na Buhindi, katika eneo la Buchosa. Wako mafundi waliopitia VETA, na wako wajasiriamali wanaolelewa na SIDO. Aidha, taratibu za ununuzi wa umma hutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalumu, na samani za ofisi ni miongoni mwa vitu ambavyo vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza kuvitengeneza. Fedha ya kupanga ofisi hivyo hurudi kwa wakazi wa wilaya.

Sharti lake ni mchoro mmoja wenye vipimo. Meza ya kikundi kimoja ikizidi ya kikundi kingine kwa sentimita tatu, haziunganiki.

Kila mtu afike, kila mtu atoke

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia ya mteremko huhitaji urefu wa sentimita 12. Hivyo ngazi zenye kimo cha sentimita 45 huhitaji mteremko wa mita 5.4. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na sehemu ya kaunta ishushwe ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu aone uso wa mhudumu. Kwa kuwa meza huhamishwa, hatari kubwa ni njia kuzibwa kidogo kidogo. Dawa yake ni mstari wa rangi sakafuni unaoonyesha njia isiyowekwa kitu, ambao pia ni njia ya kutokea wakati wa moto. Namba ya dharura ya Zimamoto, 114, ibandikwe mahali panapoonekana.

Mtumishi anayepoteza meza yake

Mabadiliko haya humgusa mtumishi. Meza yenye jina lake ni ishara ya kutambuliwa, na kuiondoa bila maelezo huzaa manung’uniko ya haki. Kila anayetumia meza ya kushirikiana apewe kabati dogo lenye kufuli, meza isafishwe kila jioni, na kanuni ziwahusu wakuu wa idara vilevile. Mkuu anayejitengea chumba kikubwa kisha akawaambia wengine washirikiane meza, hawezi kutarajia utii wa moyo.

Halmashauri yenye bajeti ndogo inaweza kuanza na idara moja kwa miezi mitatu, ikalinganisha muda wa kusubiri na idadi ya milango kabla na baada ya mabadiliko, kisha ikaamua. Wakala wa Majengo Tanzania na mhandisi wa halmashauri washirikishwe kabla ya kuugusa ukuta wowote, kwa sababu baadhi ya kuta hubeba paa.

Wananchi nao wana nafasi yao. Anayehudumiwa huona kasoro ambazo mtumishi amekwisha kuzizoea, na anaweza kuziwasilisha kupitia sanduku la maoni, diwani wake au ofisi ya mtendaji wa kata. Kipimo cha ofisi iliyopangwa vizuri kipo kwa msafiri wa Ukara na wa Kome: amefika asubuhi, amesikilizwa kwa siri pale ilipohitajika, na amerudi nyumbani siku hiyo hiyo kabla kivuko hakijaondoka.